Breki Waliyoilamba Paka

Kutoka Mpanda hadi Mafia hakuna njia ya mkato, na kama ipo mimi sikuonyeshwa. Nilipanda treni Mpanda. Tabora nililala kwenye benchi, kichwa juu ya sanduku la spana. Niliendelea na treni hadi Dar es Salaam, nikachukua basi hadi Kibiti, na kutoka Kibiti nikapakiwa kwenye bodaboda ambayo beringi yake ya nyuma ilikuwa inalia. Nilimweleza dereva. Akaniomba nisimtie mkosi. Tulifika Nyamisati maji yakiwa yametoka, boti imekaa kwenye tope. Nilimuuliza nahodha maji yatarudi saa ngapi, naye akanionyesha mwezi mwembamba uliokuwa bado angani mchana kweupe, kana kwamba hilo ni jibu. Baadaye nilijifunza kwamba lilikuwa jibu.

Safari yote hiyo ilitokana na maneno ya abiria mmoja niliyekaa naye kwenye treni nyingine, mwaka mwingine. Alisema kwamba Mafia chumvi inaimaliza pikipiki kabla mwenyewe hajamaliza kuizoea, na kwamba mafundi wanaokwenda kule hawakai. Kwa mtu mwingine hizo ni habari mbaya. Mimi nilifunga mzigo.

Baharini nilitapika. Sanduku halikutapika. Tukashuka pamoja kwenye gati la Kilindoni, na kabla sijapata chumba nilikuwa nimeshaletewa pikipiki ya kwanza, imekaa kimya tangu mwezi wa Ramadhani.

Vijana mnaojifunza kazi hii, nawaandikia nikiwa nimestaafu. Sijafika hamsini, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havitofautishi tena baridi na moto, na fundi asiyejua kwamba ekzosi ina moto ni fundi wa muda mfupi. Sasa nakaa kwenye kiti Tunduru, nauza vipuri. Vijana huja kununua fremu mpya, huiagiza kwa simu, ikaletwa imefungwa kwa plastiki. Sina ugomvi nao. Ila hupenda kuwauliza ile ya zamani ilipindia upande gani, na wengi hawajui. Waliivua, wakaitupa.

Haya yote yanahusu fremu moja iliyopinda, kwa hiyo nitaanza na chumvi.

Kisiwani bolti haifunguliwi siku unayoitaka. Miezi yangu ya mwanzo nilikata bolti nyingi kuliko nilizofungua, kwa sababu nilikuwa na haraka za bara. Bolti ya Mafia unaipaka dizeli jioni, unaigonga kichwani kidogo kama unayebisha hodi kwa mtu mgonjwa, unakwenda zako. Asubuhi unaipaka tena. Ukiona kutu imelainika kuzunguka nati, geuza kwanza upande wa kukaza, nywele moja tu, ndipo ufungue. Wateja wangu hawakushangaa kusubiri. Waliwahi kusubiri vitu vizito zaidi ya bolti. Gereji yangu ilikuwa kwenye ukuta wa nyuma wa duka la mfanyabiashara mmoja aliyeuza khanga mbele na matairi uani, na wote walioniletea kazi waliniita Fundi Bara. Nilikaa miaka mingi na jina halikubadilika.

Pikipiki ninayoisema ililetwa na mkokoteni. Nyuma ya mkokoteni alikuwa anatembea mwenyewe, kijana anayeitwa Hatibu, mkazi wa Kilindoni, mbebaji wa samaki na abiria, meno ya mbele yamepungua moja. Gurudumu la mbele lilikuwa na umbo la yai. Shokapu za mbele zilikuwa zimerudi nyuma hadi kugusa injini, na fremu ilikuwa imejipinda shingoni, pale usukani unapoingilia. Tangi lilikuwa na bonde la ukubwa wa goti. Lilikuwa goti lake.

Ajali yenyewe ilitokea Baleni, kwenye mteremko ambao bara hakuna mtu angeuita mteremko. Hatibu alikuwa anatoka Kanga, alikolala ukweni, kwa maana alikuwa amemposa binti wa huko anayeitwa Mwanaidi. Baba yake Mwanaidi alikwisha fariki, na aliyebaki na kauli ya kumwoza alikuwa ami yake, Mzee Kombo, fundi wa vyombo vya baharini. Asubuhi hiyo Mzee Kombo alipanda nyuma ya Hatibu waje Kilindoni kupanga siku ya harusi na wazee wa upande wa pili. Kwenye mteremko akakatiza mama mwenye tenga la mihogo. Hatibu akamkwepa yule mama, akaupata mnazi. Mnazi haukuangusha hata dafu moja. Mzee Kombo aliruka juu ya mkwe wake, akashukia kwenye matuta ya mihogo na kuvunjika mkono.

Watu wote walishasema kwamba Hatibu alikuwa anaangalia simu. Hatibu alisema alishika breki na breki haikushika, lakini kila anayegonga mnazi husema hivyo. Mzee Kombo, akiwa bado anafungwa mkono, alitamka mbele ya watu kwamba hawezi kumpa binti wa marehemu ndugu yake mtu asiyejua kusimama. Posa ikawa imesimama badala yake.

Sasa sikilizeni. Pikipiki ya ajali usiioshe kwanza. Mwenyewe atataka uioshe, kwa sababu damu na udongo vinamuumiza roho. Mwambie akae. Pikipiki iliyogonga ina maneno, na maji ndiyo yanayoifunga mdomo. Nilianza na mkono wa breki ya mbele, nikaukuta umevutwa hadi kugusa mpini. Nikachomoa waya wake. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika, zilibaki chache zilizoshikilia kwa huruma. Nikaenda breki ya mguu, nikakuta kanyagio limekandamizwa hadi limepinda chini. Mtu huyu alikuwa amefunga breki zote mbili kwa nguvu zote alizojaliwa.

Basi nikafungua gurudumu la mbele kuangalia breki yenyewe, na harufu ikatoka mbele ya kila kitu.

Nyinyi wa bara hamuijui sifa. Ni mafuta yanayotolewa kwenye maini ya papa, na hupakwa mbao za chombo ili zisiliwe na maji. Harufu yake ukishaisikia mara moja huulizi tena. Ndani ya gurudumu, mahali ambapo pamekatazwa hata tone la mafuta, viatu vya breki, vile vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyotanuka kulibana gurudumu, vilikuwa vimelowa sifa hadi vimebadilika rangi. Gurudumu la nyuma lilikuwa vivyo hivyo.

Nilimtazama Hatibu. Hatibu aliutazama ukuta wa duka.

Nilimwuliza nani kaipaka pikipiki sifa. Asubuhi ya safari, alisema, alitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri akamkuta Mzee Kombo amekwisha kuilaza pikipiki ubavu, kopo pembeni, tambara mkononi. Mzee wa vyombo hawezi kupanda kitu kinachosafiri bila kukipaka mafuta. Alipaka spoki, akapaka tangi, akapaka hata kibao cha namba. Isitoshe, jana yake alikuwa amesikia breki inalia, na kwa hesabu za chomboni kitu kinacholia, kiwe kapi au usukani, kinadai mafuta. Akatafuta tundu linaloingia ndani, akalipata, akamimina kwa utulivu mpaka mlio ukaisha. Kisha akamwambia Hatibu kwamba sasa ndiyo imekuwa pikipiki.

"Nikamwambia ahsante," Hatibu akasema.

Nilimwambia mambo yamekwisha basi, twende tukamwonyeshe mzee viatu hivi, posa irudi, kila mtu aendelee na shughuli zake. Hatibu akanishika mkono wenye spana.

"Fundi, nakuomba. Yule ni mkwe. Nikamwambie mbele ya watu kwamba amejivunja mkono mwenyewe, halafu nimwombe binti? Kila Idi nitakula sahani moja naye, ananitazama."

"Na ukikaa kimya utamkosa huyo binti."

"Nitamkosa kwa heshima."

Mimi nimetoka Mpanda, sikuwa na wakwe popote. Nikamuahidi kwamba kutoka kinywani kwangu halitatoka, nikavitundika viatu vya breki kwenye waya wa kuanikia vikauke juani. Hiyo ilikuwa njia ya kuviweka tu. Kiatu cha breki kilichokunywa mafuta hakifai tena, hata ukikiogesha petroli na kukichoma moto. Atakayewaambia kinafaa, msipande pikipiki yake.

Siku ya pili akaja Mzee Kombo. Alikuwa amefikia kwa ndugu zake hapo Kilindoni kwa ajili ya kuonekana na daktari, na mkono uliokuwa kwenye kitambaa ulimnyima kazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta tairi bovu akalikalia. Alikuja, alisema, kuhakikisha kwamba pikipiki haitengenezeki. Alipendekeza iuzwe chuma chakavu.

Niliendelea na kazi yangu. Nilikuwa nimeifunga fremu kwenye jiwe na ninaipiga nyundo shingoni, kama nilivyofundishwa Mpanda na fundi wangu wa kwanza, ambaye alikuwa ananyoosha kila kitu kwa nyundo, pamoja na wanafunzi. Mzee Kombo alivumilia kwa kitambo. Aliangalia pembeni. Akaangalia tena.

"Unaipiga kwa kosa gani?" akauliza.

Nikamwambia imepinda.

"Imepinda wapi?"

Nikamwonyesha. Akatoa mfukoni uzi wa kazi yake, ule mweusi wa masizi, akaniamrisha nishike ncha moja nyuma, mwisho wa fremu, na yeye kwa mkono wake mzima akauvuta hadi mbele. Akafumba jicho. Fremu haikuwa imepinda nilipokuwa napapiga. Ilikuwa imepinda chini zaidi, na juu palikuwa pamefuata tu. Nilikuwa nimetumia asubuhi nzima kupinda mahali pazima.

Nitawaeleza alivyofanya, maana hakuna atakayewaeleza. Uani palikuwa na visiki viwili vya minazi. Tukaifunga fremu kwenye kimoja kwa minyororo, tukaweka jeki ya lori kati ya shingo ya fremu na kisiki cha pili. Tukapasha moto mahali pale pale palipopinda, si kwingine, na kwingine kote tukafunga magunia mabichi. Nikapampu jeki hadi uzi ukasema imenyooka. Nikataka kuachia.

"Endelea," akasema. "Ipitishe upande wa pili kidogo. Ukiiachia itarudi, na ikirudi ndiyo itafika."

Nikaipitisha. Akasema sasa tuiache imebanwa vile vile mpaka kesho, tusiishike. Mbao, alisema, ukizipiga hukumbuka, ukizikaza na kuziacha husahau. Nikamwambia hiki ni chuma. Akasema hajaona tofauti.

Kisha akakumbuka kwamba yeye yuko upande wa chuma chakavu, akainuka akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alirudi mapema kuliko mimi. Hakuja kwa ajili ya Hatibu, aliniarifu. Alikuja kwa ajili ya uzi wake aliousahau. Uzi ulikuwa mfukoni mwake, nauona. Tukafungua jeki, fremu ikarudi kidogo kama mtu anayejinyoosha usingizini, ikatulia palipo sawa. Mzee alifumba jicho akaitazama kutoka nyuma, kutoka mbele, kutoka nyuma tena. Akavua kofia akajikuna.

Mchana Mwanaidi, aliyekuja kutoka Kanga kumuuguza ami yake, akamletea chakula, na alipomwandalia chini ya kivuli cha ukuta akanijia mimi nilipokuwa nafuma spoki.

"Fundi Bara, wewe si mtu wa kutembeza maneno. Niambie moja tu. Alikuwa kwenye simu?"

Nikamkabidhi ule waya wa breki. Nikamwonyesha nyuzi zilizokatika na chache zilizobaki, nikamwambia mkono uliokuwa na simu hauwezi kufanya hivi. Akaugeuza geuza.

"Kwa hiyo alishika."

"Alishika."

"Basi mbona haikushika?"

Nikamwambia hilo ndilo ninalolitengeneza. Akaukunja ule waya, akauweka kwenye kikapu cha vyombo. Sikuudai.

Sasa mtashangaa mtu kama Mzee Kombo akae siku mbili karibu na sifa asiisikie. Lakini yeye mwenyewe, nguo zake, kofia yake, uzi wake, vyote vilinukia sifa tangu ujana. Hakuisikia kama mimi nisivyosikia petroli. Walioisikia ni paka. Paka wa Kilindoni huzaliwa sokoni, wanajua samaki wa kila namna, na tangu nilipovianika vile viatu walikuwa wanakaa chini ya waya kama waumini. Mchana huo, mzee akiwa anakula, paka mmoja wa manjano akaruka, akakiangusha kimoja, na wenzake wakakizunguka. Wakaanza kukilamba.

Mzee Kombo alisimamisha tonge njiani.

"Paka wako hawa wanakula vyuma?"

"Hapana, mzee. Wanalamba hiyo breki tu."

"Breki ya pikipiki ipi?"

Nilikuwa nimeahidi kwamba halitatoka kinywani kwangu. Nikaendelea kufuma spoki. Uani palikuwa na pikipiki moja.

Aliweka tonge kwenye sahani. Akanyanyuka, akawafukuza paka kwa ndara, akaokota kile kipande akakisugua kwa kidole gumba, akakipeleka puani. Alisimama hivyo mpaka wali ukapoa. Mwanaidi akamwuliza ami, kuna nini. Akasema hakuna kitu. Akakirudisha kiatu kwenye waya, akakifunga vizuri kwa fundo la kibaharia, na kwa mara ya kwanza akaniuliza pikipiki itakuwa tayari lini.

Ilipokuwa tayari, yenye viatu vipya, shokapu zilizonyooshwa na tangi lililobaki na alama ya goti kwa sababu Hatibu hakutaka nilijaze, Mzee Kombo alitoa sharti lake hadharani. Atapanda nyuma, mkono ukiwa bado umefungwa. Watapita Baleni kwenye mteremko ule ule, kwa mwendo ule ule. Ikisimama, posa iendelee. Isiposimama, wote wawili watakuwa wamepumzika.

Nilitangulia Baleni nikajiweka karibu na mnazi. Watu walikuwa wameshafika, wengine na viti. Mwanaidi alikuwa upande wa pili wa barabara na kikapu chake. Nilijua kila bolti ya pikipiki ile kwa mkono wangu, na bado nilikuwa natamani kuziangalia tena zote.

Walitokea juu kwa kasi ambayo sikuipenda. Hatibu alikuwa amebana midomo. Mzee nyuma yake alikuwa ameketi wima kama mtu aliye kwenye kiti chake barazani, na nikaona hakumshika Hatibu kiunoni wala popote. Walipofika kwenye mstari wa matuta, Hatibu akafunga breki. Gurudumu la mbele liliuma udongo, la nyuma likayumba mara moja, likanyooka. Vumbi likapita mbele, likawaacha. Breki ililia kwa sauti kubwa, na pikipiki ikasimama, na kati ya gurudumu na mnazi pangeweza kupita mbuzi.

Mzee Kombo alishuka. Akautazama mnazi, akaupapasa ganda palipochubuka. Kisha akawageukia watu.

"Siku ile hapa palikuwa na mchanga," akasema.

Mtu mmoja akasema kwamba hapakuwa na mchanga, yeye anapita hapa kila siku.

"Palikuwa na mchanga," Mzee Kombo akarudia, na kwa kuwa wengi pale walikuwa na vyombo vinavyongoja mkono wake upone, wakakumbuka kwamba kweli palikuwa na mchanga, tena mwingi. Mpaka naondoka kisiwani, madereva walikuwa wakipunguza mwendo hapo kwa sababu ya mchanga huo.

Harusi ilifungwa Kanga siku ya Ijumaa. Nilikula hadi nikaomba tairi la kukalia.

Nilibaki Mafia miaka mingine baada ya hapo. Nilinyoosha fremu nyingi kati ya visiki vile viwili, mpaka fremu mpya zikaanza kuja na boti na watu wakaacha kunyoosha. Halafu vidole vikaanza kufa, na miguu nayo ikaanza kuwasha, kama kawaida yake, ikitaka barabara nyingine. Siku niliyojua sirudi tena, Hatibu ndiye aliyenipeleka gatini, kwa pikipiki ile ile. Nilikaa nyuma, sanduku mapajani. Kwa makusudi niliweka macho chini, kwenye kivuli chetu barabarani, kuona kama inavuta upande. Haikuvuta.

Mzee Kombo alikuwa amekaa gatini kwenye gunia la nazi, kopo la sifa miguuni. Alisubiri mpaka Hatibu amechukua sanduku kulipeleka botini, ndipo akanipa lile kopo.

"Paka spana zako. Bara nako kuna kutu."

Nikamshukuru. Akaangalia maji.

"Ile breki, Fundi. Ni mimi niliyeitia mafuta."

"Breki gani, mzee?"

Alifumba jicho moja akanitazama kwa lile jingine, vile alivyokuwa akiutazama uzi, kutoka nyuma hadi mbele.

"Umekaa sana huku wewe," akasema.

Nikapanda boti. Kopo lilivuja njiani, sanduku likanuka papa hadi Nyamisati, na abiria wenzangu wakasogea mmoja mmoja hadi nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.